Kanuni za Chama cha Hisabati Ziandikwe kwa Ajili ya Wasiokuwapo

Chama cha wanafunzi wa hisabati katika chuo kikuu ni kitu rahisi kukianzisha na kigumu kukidumisha. Kukianzisha kwahitaji vijana watano au sita wanaolipenda somo lao, chumba kimoja chenye ubao, na mwalimu mmoja aliye tayari kutoa mhadhara wa kwanza. Kukidumisha kwahitaji jambo ambalo aghalabu vijana hao hawalifikirii siku ile ya kwanza, nalo ni katiba. Wengi huidhania katiba kuwa karatasi ya kumridhisha Mshauri wa Wanafunzi ili chama kipate kuandikishwa. Basi huinakili katiba ya chama kingine, wakabadilisha jina, wakaipeleka ofisini, na wasiisome tena mpaka siku ya ugomvi.

Desturi hiyo yafaa ipingwe, na wanahisabati ndio wa kwanza kupaswa kuipinga. Somo lao lote limejengwa juu ya kauli chache za msingi zilizochaguliwa kwa uangalifu, kwa sababu wanajua kwamba kosa dogo katika msingi huzaa upotofu mkubwa mwishoni. Itakuwa ajabu iwapo watu waliozoea kupima kila neno katika uthibitisho watakubali kutawaliwa na maneno ambayo hakuna aliyeyapima.

Tena chama cha wanafunzi kina tabia moja isiyopatikana katika vyama vingi vya watu wazima: wanachama wake wote huondoka. Shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka 3 au 4. Muda huo ukipita tangu chama kuasisiwa, hakuna hata mmoja wa waasisi anayebaki darasani. Chama cha wavuvi au cha wakulima chaweza kuishi kwa kumbukumbu za wazee wake; chama cha wanafunzi hakina wazee. Kumbukumbu yake ni maandishi tu. Kwa hiyo kanuni zake hazina budi kuandikwa kwa ajili ya watu ambao hawajafika chuoni bado, yaani wale ambao leo wako kidato cha pili au cha nne. Ndiyo sababu jambo hili lawahusu walimu na wanafunzi wa shule za sekondari hata kabla ya mlango wa chuo kufunguliwa.

MFANO WA CAMBRIDGE

Mwaka 1812 wanafunzi kadhaa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliunda chama kilichoitwa Analytical Society. Miongoni mwao walikuwamo Charles Babbage, ambaye baadaye alibuni mashine za kukokotoa. John Herschel, aliyekuja kuwa mwanafalaki mashuhuri. Na George Peacock, ambaye aliandika juu ya misingi ya aljebra. Wakati huo Cambridge iliishikilia alama ya Newton katika kalkulasi, yaani nukta juu ya herufi, hali wanahisabati wa bara la Ulaya walitumia alama ya Leibniz, dy/dx, ambayo ndiyo inayofundishwa leo katika shule za sekondari. Tofauti hiyo ya alama iliwatenga Waingereza na kazi kubwa zilizokuwa zikifanyika Ufaransa. Vijana hao walikusudia kuuvunja ukuta huo. Walisomeana makala, wakajadiliana, na mwaka 1813 wakachapisha kitabu cha makala zao.

Baada ya hapo viongozi wake walihitimu na kutawanyika, na chama kikafifia. Lengo lake lilifaulu kwa njia nyingine. Mwaka 1816 Babbage, Herschel na Peacock walichapisha tafsiri ya kitabu cha kalkulasi cha Lacroix, Mfaransa. Na mwaka 1817 Peacock, akiwa mtahini wa chuo, aliitumia alama ya Leibniz katika karatasi za mtihani. Kutoka hapo alama mpya ilisonga mbele hata ikashinda.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuonyesha nguvu ya vijana, na ni haki kusimuliwa hivyo. Lakini kina upande wa pili. Lengo liliokolewa na watu watatu wenye vipaji na urafiki usio wa kawaida, ambao waliendelea kushikamana baada ya chama chao kutoweka. Chama cha kawaida hakiwezi kuweka tumaini lake juu ya kuwapata watu wa namna hiyo watatu kwa wakati mmoja. Katika chuo hicho hicho, mwaka 1935, wanafunzi walianzisha chama kingine cha hisabati, The Archimedeans, ambacho tangu mwaka 1939 kimekuwa na jarida lake liitwalo Eureka. Vizazi vingi vya wanafunzi vimepita ndani yake na chama kingaliko. Kudumu huko hakukutokana na wanachama kuwa na akili kuliko Babbage. Ni kazi ya kupokezana.

KUPOKEZANA UONGOZI

Hatari ya kutopokezana vema yaweza kupimwa kwa hesabu ndogo ya uwezekano. Ichukuliwe kwamba kila mwaka halmashauri inayoondoka ina uwezekano wa 4/5 wa kuikabidhi kazi ipasavyo kwa halmashauri inayoingia. Sehemu nne katika tano huonekana kuwa hali njema. Lakini uwezekano wa chama kuvuka makabidhiano 5 mfululizo bila kukatika ni 4/5 iliyozidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani takriban 0.33. Kwa maneno mengine, vyama viwili katika kila vitatu vya namna hiyo vingekuwa vimekatika kabla ya mwaka wa sita. Iwapo kanuni nzuri zitaupandisha uwezekano wa kila mwaka hadi 19/20, uwezekano wa kuvuka miaka hiyo mitano hupanda hadi takriban 0.77. Jitihada ndogo katika kila makabidhiano huzaa tofauti kubwa katika uhai wa chama.

Kanuni zinazohitajika hapa ni za kawaida kabisa. Uchaguzi usifanywe katika majuma ya mwisho ya mwaka, wakati mitihani imekaribia na kila mtu anafikiri safari ya kurudi nyumbani. Ufanywe mapema, ili viongozi wapya wakae pamoja na wa zamani kwa muda wa kutosha, wakitazama na kuuliza. Halmashauri isijazwe na wanafunzi wa mwaka wa mwisho peke yao. Katiba itenge nafasi mbili angalau kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao mwakani watakuwa wenyeji. Na mtu asihesabiwe kuwa amemaliza kipindi chake mpaka awe ametia sahihi hati ya makabidhiano yenye orodha ya vitabu, hesabu ya fedha, majina ya wanachama, na mambo yaliyoachwa njiani.

MLANGO WA UANACHAMA

Swali la pili ni nani aruhusiwe kuingia. Katika chuo kikuu hukosekani ushawishi wa kukifanya chama cha hisabati kuwa baraza la mabingwa, kwa kutaka kila mwanachama awe na alama fulani katika mitihani. Hoja ya wanaotaka hivyo ni kwamba mazungumzo yatakuwa ya kiwango cha juu. Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima, lakini yastahili kukataliwa. Anayefaulu mtihani tayari ana mahali pa kuonyesha uwezo wake. Mwenye kiu ya somo ambaye bado hajafaulu, au yule anayesoma uhandisi, kilimo au uchumi na anahitaji hisabati, hana mahali pengine pa kwenda jioni.

Historia nayo yauunga mkono mlango ulio wazi. Mwaka 1864 vijana wawili wa University College, London, George De Morgan na Arthur Ranyard, waliwaalika watu kwenye mkutano wa kile walichokiita chama cha hisabati cha chuo chao. Mwezi Januari 1865 chama hicho kilianza rasmi kikiwa na jina pana zaidi, London Mathematical Society, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Augustus De Morgan, baba yake George. Mlango haukufungwa kwa watu wa chuo kimoja, na leo hicho ni chama kikubwa cha wanahisabati wa Uingereza nzima. Kama kingebaki na jina lake la awali, huenda kingeishia mahali kilipoanzia.

Mfano mwingine ni wa watu wasiokuwa wanafunzi hata kidogo. Mwaka 1717, katika mtaa wa Spitalfields, mashariki ya London, ambako wafumaji wa hariri walikuwa wengi, kilianzishwa chama cha hisabati kilichokuja kuwa maarufu. Mafundi walikutana jioni, baada ya kazi, na Thomas Simpson, ambaye jina lake limebaki katika kanuni ya kukadiria eneo inayofundishwa hadi leo, alikuwa mfumaji na mmoja wa wanachama wake. Katiba ya chama hicho ilikuwa na kifungu ambacho kila chama cha hisabati kingefaa kukiiga: kila mwanachama alikuwa na wajibu, akiulizwa swali la hisabati na mwenzake, wa kumfundisha kwa njia iliyo wazi na rahisi kadiri ya uwezo wake.

Uzito wa kifungu hicho upo katika neno wajibu. Katika vyama vingi kueleza ni hisani. Mwenye kujua hueleza akipenda, na asiyejua huona haya kuuliza. Kanuni ikiugeuza ufafanuzi kuwa wajibu, haya humwondoka muulizaji na kumhamia yule akataaye kujibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekwama katika dhana ya kikomo ana haki ya kumsimamisha mwanafunzi wa mwaka wa tatu mlangoni mwa maktaba. Katiba nzima ingeweza kupotea ila kifungu hiki, na bado kingebaki chama kinachostahili jina lake.

KURA NA HILA ZAKE

Katika suala la uchaguzi, wanahisabati hawana udhuru wa kutojua. Wana elimu ya kura inayopita ya watu wengine wote, na mara nyingi hawaitumii kwao wenyewe.

Chukua chama chenye wanachama 60 kinachomchagua mwenyekiti katika wagombea watatu, A, B na C. Wanachama 24 humpenda A kwanza, kisha B, kisha C. Wanachama 19 humpenda B kwanza, kisha C, kisha A. Wanachama 17 waliobaki humpenda C kwanza, kisha B, kisha A. Kwa utaratibu wa kawaida wa kupiga kura moja, A ameshinda kwa kura 24. Lakini wanachama 36, yaani asilimia 60, wamemweka A mwisho kabisa. Tena B akishindanishwa na A peke yao, B hupata 36 na A 24. Na B akishindanishwa na C, B hupata 43 na C 17. Mtu ambaye angemshinda kila mwenzake ana kwa ana ameachwa nje, na chama kimepata mwenyekiti ambaye wengi hawamtaki. Kanuni ya mstari mmoja ingeliepusha jambo hilo: mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura, wawili walioongoza warudiwe. Katika mfano huu A na B wangerudiwa, na B angeshinda.

Dawa hiyo haitoshi kwa kila ugonjwa. Wanachama 60 hao hao wajadili matumizi ya fedha zao: wanunue vitabu, wachapishe jarida, au wafanye safari ya kutembelea shule. Wanachama 20 wataka vitabu, kisha jarida, kisha safari. 20 wataka jarida, kisha safari, kisha vitabu. Na 20 wataka safari, kisha vitabu, kisha jarida. Vitabu vyalishinda jarida kwa kura 40 kwa 20. Jarida laishinda safari kwa 40 kwa 20. Safari nayo yavishinda vitabu kwa 40 kwa 20. Hapa wengi wanazunguka kama ng'ombe kwenye kinu cha mafuta. Mwenyekiti akianza na vitabu dhidi ya jarida, na mshindi akapambanishwa na safari, safari itashinda. Akianza na jarida dhidi ya safari, vitabu vitashinda. Jambo lililowekwa mwisho ndilo lishindalo daima, na kwa hiyo apangaye ajenda ndiye aamuaye, ingawa kila mtu amepiga kura kwa uhuru.

Condorcet, Mfaransa, aliieleza hali hiyo mwaka 1785. Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford ambaye dunia humjua kwa jina la Lewis Carroll, aliandika vijitabu vitatu kati ya mwaka 1873 na 1876 juu ya njia bora ya kupiga kura, akichochewa na mambo ya chuo chake mwenyewe. Na mwaka 1951 Kenneth Arrow, Mmarekani, alithibitisha kwamba palipo na machaguo matatu au zaidi, hakuna njia ya kuyaunganisha mapendeleo ya watu kuwa mpangilio mmoja iwezayo kutimiza daima masharti machache yanayoonekana ya haki, bila kumfanya mtu mmoja awe mwamuzi wa yote.

Wako wanaolitumia jambo hilo kusema kwamba basi kanuni za kura hazina maana. Mahitimisho hayo si sahihi. Kwa kuwa hakuna njia isiyo na dosari, chama kichague njia yake kabla ya kuwajua wagombea na kabla ya kuyajua mambo yatakayobishaniwa, na kiiandike. Mpangilio wa kupiga kura juu ya mambo matatu au zaidi uamuliwe kwa bahati nasibu mbele ya mkutano, wala usiachwe mkononi mwa mwenyekiti.

AKIDI, FEDHA NA MLEZI

Akidi nayo ni hesabu. Iwapo katiba yasema kwamba robo ya wanachama yatosha kufanya mkutano, katika chama cha watu 60 akidi ni 15, na wingi wa 15 ni 8. Watu 8 katika 60, yaani kama asilimia 13, waweza kuibadilisha katiba usiku wa mvua wakati wenzao wamebaki mabwenini. Kwa mambo ya kila siku akidi ndogo haina madhara, kwani chama kisichoweza kukutana hufa pia. Lakini marekebisho ya katiba yatakiwe kutangazwa majuma mawili kabla, yahudhuriwe na theluthi mbili ya wanachama, na yapitishwe kwa theluthi mbili ya waliohudhuria. Hapo watahitajika watu 27 angalau.

Juu ya fedha, wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ada za wanachama zaweza kuwa kidogo, na leo ni rahisi zikapita katika simu ya mtu mmoja bila mwingine kuziona. Udogo wake ndio hatari yake, maana hakuna anayejali kuzikagua. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili, na kila mwaka wanachama wawili wasio viongozi wakague daftari na kusoma matokeo mbele ya mkutano mkuu. Kanuni hiyo humlinda mhazini mwaminifu kuliko inavyomtisha asiye mwaminifu.

Mlezi, ambaye kwa kawaida ni mwalimu wa idara, ndiye mtu pekee asiyeondoka. Kwa hiyo anafaa kuitunza nakala ya katiba, kumbukumbu za mikutano na hati za makabidhiano. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi chama kikawa chake. Katiba impe sauti ya ushauri, isimpe kura.

Mwisho, katiba iseme vitu vya chama vitakwenda wapi siku chama kitakapofungwa. Vijana hawapendi kuandika kifungu hicho, kama vile watu wasivyopenda kuandika wasia. Chama cha Spitalfields kiliishi kwa zaidi ya karne moja. Na mwaka 1845, wanachama walipokuwa wamepungua sana, kiliunganishwa na Royal Astronomical Society, na maktaba yake ikahamia huko badala ya kutawanyika. Vitabu vilivyokusanywa kwa jasho la mafundi havikuishia katika masanduku ya watu binafsi.

JE, KANUNI HUUA ARI?

Pingamizi kubwa ni kwamba wanafunzi hujiunga ili wafurahie hisabati, na vikao vya kubishania vifungu vitawachosha. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Ziko katiba zenye kurasa nyingi, zenye makamu wa kila mwenye cheo na kamati ya kila jambo, ambazo zimekigeuza chama kuwa mchezo wa serikali. Lakini dawa yake imo katika hisabati yenyewe. Euklide aliijenga jiometria yake, miaka kama 2,300 iliyopita, juu ya kauli 5 maalumu za jiometria pamoja na kauli chache za jumla. Kauli hizo zilikuwa chache kwa sababu kila moja ilikuwa na kazi.

Kipimo hicho hicho kitumike kwa katiba ya chama. Kila kifungu kiulizwe maswali matatu: Je, chapingana na kingine? Je, kingefutwa, kuna jambo lingeharibika? Je, mtu asiyewajua waandishi wake aweza kukielewa peke yake? Kifungu kisichojibu kifutwe. Katiba iliyopita katika chujio hilo itaenea katika kurasa mbili au tatu, nayo itasomwa kwa robo saa mwanzoni mwa kila mwaka, na muda wote uliobaki utakuwa wa hisabati.

Kazi hiyo haina haja ya kungoja chuo kikuu. Mwalimu wa sekondari mwenye klabu ya hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake katiba ya klabu yao wenyewe waipime kwa maswali hayo matatu, wahesabu akidi yake, na watafute mfano wa kura unaoweza kuipotosha. Watajifunza uwezekano, sehemu na mantiki katika jambo linalowahusu. Na wale watakaofika chuoni watakuta chama kilichoandikwa kwa ajili yao. Au wasipokikuta, watajua namna ya kukiandika kwa ajili ya wanaofuata.